Kelele Iliyogeuka Habari

Mabaharia waliokaa mbele ya vioo vya rada wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikuwa na adui asiye na bendera: mawimbi. Wao walitafuta nyambizi. Bahari ikichafuka, kioo chote kinajaa vidoa, na nyambizi inapotelea humohumo. Vidoa vile viliitwa kelele, na mafundi wakahangaika kuvifuta.

Mwaka 1955 Douglass Crombie, mwanasayansi wa New Zealand, alizichukua kelele hizo kama habari. Rada yake ilitumia masafa ya megahezi 13.56, yaani wimbi la redio lenye urefu wa mita 22 hivi. Kumbe mwangwi wa bahari haukurudi ovyo! Ulikuwa umesogea kwa kiasi kilekile juu na chini ya masafa ya mwanzo. Crombie akaeleza: mawimbi ya maji yanayojibu kwa nguvu ni yale yenye urefu wa nusu ya lile la redio, mita 11 hivi, yanayoijia rada au kuikimbia. Miangwi yao hujumlishana, ya mengine hufutana. Kanuni yenyewe ni ya Bragg, aliyeitumia mwaka 1913 kuchunguza, pamoja na mengine, fuwele za chumvi. Chumvi ikaja kuieleza bahari. Mimi hapo huwa nacheka kidogo.

Juni 1978 Marekani ikarusha Seasat. Kipimo chake kimoja kilipiga rada moja kwa moja chini: bahari ikitulia mwangwi unarudi kwa mkupuo, ikichafuka unarudi kwa kujivuta, maana vilele hujibu kabla ya mabonde. Kwa kujivuta huko unajua kimo cha mawimbi.

Oktoba, baada ya siku kama 105 tu, shoti ya umeme ikaiua. Uvumi ukazuka: eti jeshi liliizima kwa sababu iliona njia za nyambizi. Siamini, ila naona nyambizi haikutoka kichwani mwa watu.

Ulaya ilirusha ERS-1 mwaka 1991, na ERS-2 ikafuata. Mwaka 2004 watafiti wakatangaza kwamba katika picha za wiki tatu tu walikuta mawimbi zaidi ya kumi yanayopita mita 25. Idadi hiyo naipokea kwa tahadhari, maana mwendo wa wimbi huipotosha picha ya rada. Lakini mabaharia waliowahi kusimulia mawimbi ya namna hiyo walikuwa wakiambiwa wametia chumvi.