KABLA HUJAMWITA KICHAA (Sehemu ya 4)

Tuendelee tulipoishia.

Mara ngapi umesikia, sokoni Mwanga au kule Kibirizi kwenye kuanika dagaa, mama aliyejifungua juzi akisemwa: "Huyo kachanganyikiwa," "Huyo ana mapepo"? Tunamkwepa, na kilichompata hatuulizi. Wapo wanawake waliouliza, tena kwa kalamu.

Rebeka Njau wa Kenya, aliyesoma Makerere na kuolewa na mchoraji wetu wa Kilimanjaro, Elimo Njau, alitoa riwaya ya Ripples in the Pool mwaka 1975. Selina anatoka mjini kuja kuishi kijijini kwa mume. Mama mkwe hamtaki, mume anampiga, na taratibu akili zinamtoka. Mwandishi hakumfanya malaika, maana Selina anafika hata kuua. Ila ukisoma unaiona njia nzima iliyomfikisha pale.

Na kule Afrika Kusini, mwaka 1937, Bessie Head alizaliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, Pietermaritzburg. Mama yake, Mzungu, alikuwa mgonjwa pale. Mtoto akapewa familia ya Wazungu. Walipoona si mweupe, wakamrudisha. Mwaka 1964 Bessie akahamia Botswana na mwanawe mdogo, akaishi miaka 15 bila uraia. Sisi wa Kigoma, tuliopokea ndugu zetu wa Burundi na Kongo, huo mzigo tunaujua. Akaugua akili, akalazwa. Mwaka 1973 akatoa riwaya ya A Question of Power, akiyaandika yaliyompata. Ubaguzi ulitaka anyamaze kwa aibu, yeye akasema.

Na mwanamke wa riwaya hiyo, Elizabeth, anainuliwa na nini? Bustani ya mboga, na mwanamke mwenzake anayelima naye bila kumkimbia.

Kwa hiyo, ukimwona mzazi hapati usingizi hata mtoto akilala, analia kila siku kwa wiki mbili, au hataki kumshika mwanawe, mpeleke zahanati. Akisikia sauti ambazo wewe huzisikii, au akisema atajidhuru au atamdhuru mtoto, usimwache peke yake hata dakika moja. Mpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho.

Na mkiwa njiani, wawili tu, muulize taratibu: "Mwenzangu, nyumbani kuna anayekuumiza?" Kisha nyamaza, umsikilize.