Istilahi: Sonona ya Baada ya Upasuaji

Mgonjwa ametoka thieta salama. Kidonda kinakauka, nyuzi zimetolewa, daktari amemruhusu arudi nyumbani. Wiki mbili tatu baadaye anaanza kulia bila sababu anayoweza kuitaja. Chakula hakimpiti kooni, usingizi unamkatikia saa nane usiku, na mlango ukigongwa moyo unamwenda mbio. Huko Kisumu, jamaa zake wana maelezo mafupi: "Ile dawa ya usingizi bado haijamtoka." Utayasikia hayo kwenye viti vya kungojea daktari katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Utayasikia pia ufuoni Dunga, kwa wavuvi na akina mama wanaouza samaki.

Maelezo hayo yana huruma, lakini yanampotosha mgonjwa. Hali yenyewe inajulikana katika tiba, na Kiswahili kina maneno ya kuitaja barabara. Makala haya yanapendekeza istilahi mbili zinazokwenda pamoja: sonona ya baada ya upasuaji, na wasiwasi wa baada ya upasuaji.

Tuanze na sonona. Kitenzi kusonona ni cha zamani. Maana yake ni kuumia moyoni, kuwa na uchungu usiotoka. Wataalamu wa afya ya akili nchini Tanzania wamelichukua neno hilo kuwa jina la ugonjwa. Kenya bado tunayumba: magazeti na redio husema msongo wa mawazo, wengine mfadhaiko, na vijana mjini husema stresi. Msongo, hata hivyo, ni mzigo unaomlemea mtu kutoka nje. Mwenye deni ana msongo, akilipa, unaondoka. Sonona hubaki hata deni likiisha. Madaktari huitambua mtu anapokuwa na huzuni, au anapokosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili nyingine: usingizi kuvurugika, chakula kutolika, nguvu kuisha, akili kutotulia, kujiona hafai, au kufikiria kifo.

Wasiwasi nao ni neno la kila siku, na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Kila anayengojea kupasuliwa huwa na wasiwasi, na hilo si ugonjwa. Unakuwa ugonjwa pale hofu inapoendelea baada ya hatari kupita: mtu anashika mshono wake mara kwa mara akiogopa umefumuka, anakataa kulala asije akakosa kuamka, anatetemeka akifikishwa lango la hospitali. Wazungumzaji wa Kijaluo wanazitofautisha hali hizi mbili vizuri. Kuyo ni huzuni, parruok ni mawazo yanayomzunguka mtu bila kumpa nafasi. Mhudumu wa afya anayeuliza yote mawili, kwa lugha yoyote, ataelewa zaidi kuliko anayeuliza tu, "Unajisikiaje?"

Sasa dawa yenyewe. Kamusi hutupa nusukaputi, neno ambalo wengi hulihusisha na Kijerumani, ambako kaputt ni kitu kilichoharibika. Nusukaputi humtoa mtu fahamu kabisa. Ganzi ni tofauti: huua hisia za sehemu moja ya mwili huku mtu akiwa macho. Kati ya hizo kuna sindano ya mgongo, ambayo hutia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, na ndiyo wanayodungwa akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji.

Kwa nini basi tusiseme sonona ya nusukaputi? Kwa sababu jina hilo lingeitwika dawa lawama ambayo si yake peke yake. Dawa nyingi za nusukaputi huisha nguvu ndani ya dakika au saa chache, na mabaki yake hutoka mwilini kwa siku chache. Huzuni inayoanza wiki ya tatu haiwezi kuelezwa na dawa iliyokwisha kutoka. Tena, huzuni hiyo humpata hata aliyepasuliwa akiwa macho.

Kuna hali moja inayotokea karibu na nusukaputi ambayo ni lazima tuitenge: kuweweseka. Mzee anaamka usiku wa kwanza, hajui yuko wapi, anamwita ndugu aliyefariki, anachomoa mpira wa dripu. Hii huja ndani ya saa au siku chache, hupanda na kushuka, na huwapata zaidi wazee. Hata hapa dawa haina lawama kubwa kama tunavyodhani. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Marekani na Kanada uliohusisha watu 1,600 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliovunjika nyonga. Kundi moja lilipewa nusukaputi, la pili sindano ya mgongo. Kuweweseka kulimpata takriban mmoja kati ya watano katika kila kundi.

Ketamini inastahili maelezo yake, kwa kuwa hutumika sana katika hospitali zetu, hasa pale mtaalamu wa nusukaputi anapokosekana. Mwaka 2015 ilichapishwa ripoti ya operesheni 193 zilizofanywa nchini Kenya kwa dawa hiyo katika mazingira kama hayo. Anayeamka kutoka ketamini anaweza kuona maruweruwe na kuota ndoto za kutisha. Hayo hupita. Na dawa ya ukoo huohuo, esketamini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kutibu sonona iliyoshindikana kwa dawa nyingine. Dawa inayomtisha mtu anapoamka si lazima iwe ndiyo inayomhuzunisha mwezi mzima.

Chanzo ni nini basi? Ni vingi, na mara nyingi huja pamoja. Mwili uliokatwa hutoa kemikali za kupambana na jeraha, na kemikali hizo humfanya mtu alegee na kujitenga. Maumivu yasiyotulizwa humnyima usingizi. Damu iliyopungua humchosha. Mama aliyetolewa kizazi pamoja na ovari hupoteza homoni kwa ghafla. Mgonjwa aliyekuwa akimeza dawa za sonona huenda aliziacha siku za kulazwa. Aliyewahi kuugua sonona yuko katika hatari zaidi, na wanaopasuliwa moyo huipata mara nyingi.

Kisha kuna maisha yenyewe. Mvuvi aliyeshonwa ngiri ameambiwa asiinue kitu kizito kwa wiki kadhaa. Nani atavuta nyavu? Mwendesha boda boda aliyetiwa chuma cha paja amelala nyumbani huku mkopo wa pikipiki ukimngoja. Anayeuza omena hana mauzo siku asiyofika sokoni. Ukimwambia mtu huyu kwamba ni dawa ya usingizi tu, umemwambia asubiri, na wakati huohuo umemtia hofu ya operesheni ijayo ambayo huenda ndiyo itakayookoa maisha yake.

Ndiyo sababu ya kulishikilia neno baada. Linataja wakati hali inapotokea na kumwachia mganga nafasi ya kutafuta chanzo. Akiambiwa sonona ya baada ya upasuaji, atauliza juu ya maumivu, damu, usingizi, dawa zilizoachwa, na pesa za nyumbani. Zipo pia hojaji za maswali 9 za kupima sonona, ambazo zimejaribiwa kwa wagonjwa wa magharibi mwa Kenya na zinaweza kujazwa kwa dakika chache.

Wauguzi na waganga wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, yatumieni maneno haya mnapomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, na mwambieni kabla hajaondoka kwamba hali hizi zinaweza kumfika. Jamaa, mtu akianza kuweweseka, hasa akiwa na homa, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi. Akitaja kujiua, msimwache peke yake, na msingoje kesho. Nawe uliyepasuliwa, kabla ya operesheni mweleze anayekupa nusukaputi kama uliwahi kuugua sonona. Na huzuni au hofu ikifika wiki mbili bila kupungua, rudi kliniki ukaitaje kwa jina lake. Sonona ya baada ya upasuaji ni ugonjwa, na unatibika.