Bankambo na Budha: mji wa Kyoto na nyumba zake za kusali

Wengi kwetu wanaulizaka: je, mtu anaweza kuheshimu bankambo wake na kusali dini iliyotoka mbali, bila moyo wake kugawanyika? Swali hili limegombanisha jamaa nyingi, zaidi sana siku za kilio. Tumeona vema tulichunguze tukitazama mji wa Kyoto, katika inchi ya Japani, kwa sababu watu wa pale wameishi na swali lile lile zaidi ya miaka elfu moja.

Kyoto ulikuwa mji wa wafalme tangu mwaka 794 mpaka 1868. Ndani yake kuko karibu mahekalu 1.600 ya Budha na karibu jinja 400. Jinja ni pahali pa kami, ni kusema roho za mlima, za maji, za mashamba, na za watu wakubwa waliokufa. Hiyo ndiyo Shinto, dini ya asili, isiyo na mwanzilishi. Hekalu ni la Budha. Dini yake ilizaliwa India, ikapita China na Korea, ikafika Japani katika karne ya 6.

Mgeni atatofautisha namna gani? Penye kuingia jinja kuko torii, mlango usio na ukuta: nguzo mbili na miti miwili iliyolala juu. Kwa jinja ya Fushimi Inari, iliyoanzishwa mwaka 711 juu ya kuomba mavuno ya mchele, milango hiyo myekundu ni maelfu na inapanda mpaka juu ya mlima. Mtu ananawa mikono na kusukutua mdomo. Mbele ya kami anainama mara mbili, anapiga makofi mara mbili, anainama tena. Kwenye hekalu hapigi makofi: anaunganisha viganja, anawasha ubani, anainama. Lakini mwenye kupiga makofi asubuhi ndiye mwenye kuwasha ubani jioni. Hata katika nyumba nyingi kuko rafu ya kami, na pembeni kabati dogo la Budha lenye majina ya wafu wa jamaa.

Zamani dini hizi mbili hazikuwa na mpaka. Mwaka 869, wakati ugonjwa wa kuambukiza ulipoua watu wengi, walisimamisha mikuki mirefu 66, mmoja kwa kila jimbo la inchi, wakamwomba mungu wa pahali paliitwa Gion. Ndio mwanzo wa sikukuu ya Gion, inayofanywa hata leo kila mwezi wa saba. Mungu wa pale, Gozu Tenno, alihesabiwa kuwa wa pande zote mbili. Vilevile hekalu la Kiyomizu, lililoanzishwa mwaka 778 na kujengwa upya mwaka 1633 kisha moto, lilikuwa na jinja ndani ya kiwanja chake.

Sasa tufike kwa mwaka 1868. Serikali mpya ilitaka Shinto iwe nguvu ya mfalme, ikatoa amri: kami na Budha watenganishwe. Gion ikabadilishwa jina, ikawa jinja ya Yasaka, na Gozu Tenno akaondolewa. Jinja ya Kiyomizu ikatengwa na hekalu. Katika inchi nzima watu walichoma sanamu, walibomoa mahekalu, na kengele zingine ziliyeyushwa. Sisi tunaelewa maumivu hayo: kwetu pia vitu vya bankambo vilichomwa kwa amri, na vingine vilipelekwa Ulaya, ambako vinatazamwa nyuma ya kioo.

Kuko jambo lingine linalotuhusu sisi wa Katanga. Mwaka 1945, Kyoto uliandikwa kati ya miji ya kupigwa bomu la atomiki. Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, aliyekuwa amefika Kyoto mwaka 1926, alikataa kabisa, na mji ukafutwa. Tarehe 6 Agosti bomu likaanguka Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, na wachimbaji hawakuambiwa inaenda kufanya nini. Kumbe mahekalu yale yangeweza kugeuka majivu kwa udongo wa kwetu.

Yalibaki. Na kila tarehe 16 Agosti, usiku, watu wa Kyoto wanawasha moto mkubwa juu ya vilima vitano. Wanasema wafu walikuja kutembelea nyumba zao, na moto huo unawasindikiza warudi kwao. Sherehe hiyo ni ya Budha, lakini ndani yake kuko heshima ya bankambo, ambayo amri ya 1868 haikuweza kuitenga.

Ndugu wasomaji, hatusemi tuige Wajapani; kila inchi ina njia yake. Lakini wale waliotaka kutenganisha kwa nguvu walivunja kuta na sanamu, na jamaa zikaendelea kuweka kabati na rafu ndani ya nyumba moja. Siku ya kilio ingine, kabla ya kumfukuza mzee anayetaka kumwaga maji chini kwa jina la bankambo, tukumbuke vilima vile vitano.