Karatasi ya Fundi Butterick

Mwaka 1863, Marekani ikiwa vitani yenyewe kwa yenyewe, fundi wa nguo za kiume aitwaye Ebenezer Butterick alikuwa akikata karatasi nyumbani kwake Sterling, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts. Kwa masimulizi ya kampuni yake, aliyempa wazo la kufanya hivyo ni mkewe, Ellen. Mama huyo alitaka kumshonea mtoto wao gauni, lakini vielelezo vya kukatia, yaani paterni, vilivyopatikana siku hizo vilikuwa vya saizi moja tu, na kupunguza au kuongeza kulibaki kuwa kazi ya kukisia. Mbona, aliuliza, fundi asitoe kielelezo kimoja kwa kila saizi? Butterick alijaribu karatasi ngumu, akaona haikunjiki vizuri kwa kutumwa posta, akahamia karatasi ya shashi. Familia nzima ikawa inakata na kukunja. Mwaka uliofuata biashara ilikuwa imeshafika New York.

Si kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Katika miaka ya 1850 jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia lilichapisha michoro midogo ya nguo, na msomaji alipaswa kuikuza mwenyewe hadi ifike ukubwa wa mwili. Mwaka 1860 Ellen Demorest na mumewe William walianzisha jarida la mitindo lenye kielelezo cha karatasi ndani yake. Inasimuliwa kwamba Ellen Demorest alilipata wazo hilo kwa kumtazama mtumishi wake wa nyumbani, aliyekuwa akikata gauni kwa kufuata vipande vya karatasi ya kaki. Masimulizi hayakumpa mtumishi huyo jina. Mimi namhesabu kuwa wa kwanza katika historia hii, kwa sababu alikuwa akifanya kile ambacho Demorest na Butterick walikuja kukiuza: kuuchukua mwili wa mtu na kuuhifadhi kwenye karatasi.

Alichoongeza Butterick ni hesabu. Alianza na kielelezo kimoja, akakipanua na kukipunguza kwa uwiano maalumu, saizi baada ya saizi. Nguo iliyompa soko kubwa ilikuwa suti ya watoto wa kiume iliyoiga mavazi ya wapiganaji wa Giuseppe Garibaldi wa Italia. Wakati huohuo wanawake wa Ulaya na Marekani walikuwa wameyachukua mashati mekundu ya wapiganaji wale na kuyageuza kuwa vazi lao, shati la Garibaldi, lililovaliwa juu ya sketi isiyofanana nalo. Blauzi tunayoivaa leo ina asili yake hapo: nguo ya juu inayojitegemea, ambayo mtu anaweza kuishona peke yake bila kugusa sketi. Paterni za wanawake zilianza kutoka kwa Butterick mwaka 1866.

Kuna jambo katika historia hii linalotugusa sisi wa pwani. Massachusetts hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikituletea merikani. Tangu miaka ya 1830 meli za Salem zilishusha Zanzibar majora ya pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya New England, na kitambaa hicho kikaingia bara hadi kikawa sawa na fedha mikononi mwa misafara. Vita ileile iliyokuwa ikipiganwa Butterick alipokuwa akikata karatasi zake iliifanya pamba iadimike, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua sehemu kubwa ya soko la merikani. Kitambaa cha aina hiyo hakijaacha kazi. Mshonaji anayejali bado hushonea majaribio yake katika pamba ya bei ndogo, kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa cha thamani.

Paterni za kwanza hazikuwa na maandishi. Zilikuwa karatasi tupu zilizotobolewa vitundu: hapa pana mkunjo, pale panapita uzi wa kitambaa, vipande hivi vinakutana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya McCall, iliyoanzishwa na fundi Mskoti James McCall mwaka 1870, ilianza kuchapa mistari na maneno juu ya karatasi. Mwaka 1927 ikaja Simplicity, ikiuza kwa senti 15 wakati wenzake walidai zaidi. Karatasi ikawa mali ya mama wa kawaida mwenye cherehani.

Je, mwili uliochorwa kwenye karatasi hizo ulikuwa wa nani? Kati ya 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili kupata saizi za nguo za madukani na za paterni. Ruth O'Brien na William Shelton walichapisha matokeo mwaka 1941. Takwimu zilizotumika zilikuwa za wanawake weupe peke yao. Za wengine ziliwekwa kando. Kwa hiyo mwanamke mweusi wa Chicago aliyeona blauzi inambana mgongoni, au inamwelea mabegani ilhali inamkaba nyongani, hakuwa na mwili wenye kasoro. Alikuwa ameachwa nje ya hesabu. Nalisema hili kwa sababu hadi leo nawasikia wanawake wakijilaumu mbele ya kioo: kifua changu kibaya, makalio yangu makubwa mno. Lawama ni ya karatasi.

Na karatasi inarekebishika. Washonaji wamekuwa wakiirekebisha tangu ilipoanza kuuzwa, na kwangu huo ndio ufundi wenyewe. Chukua kifua. Paterni nyingi za kampuni kubwa huchorwa kwa kudhani kwamba kipimo cha kifua kilipojaa kinazidi kile cha juu, chini ya kwapa, kwa sentimita 5 hivi. Mwenye kuzidi sentimita 10 akinunua saizi kwa kipimo kikubwa, atapata nafasi kifuani, lakini mabega yatamporomoka na shingo itaachama. Dawa ni kuchagua saizi kwa kipimo cha juu, kisha kukipasua kipande cha mbele. Mkasi unapanda kutoka upindo hadi kilele cha titi, unageukia kwapa na kuacha uzi mwembamba wa karatasi usikatike. Mpasuko wa pili unatoka ubavuni hadi kileleni. Unapanua kwa nusu ya upungufu, kwa kuwa kipande hicho ni nusu ya mbele: pakikosekana sentimita 5, unafungua 2.5. Mapengo unayaziba kwa karatasi nyingine, upindo unausawazisha, na ubavuni inakuwa imezaliwa dati mpya ambayo haikuwepo. Bega halikuguswa. Shingo haikuguswa.

Dati hiyo, ule mkunjo wa pembetatu unaoipa nguo tumbo la kupokea mwili, haina makao ya kudumu. Ilimradi ielekee kileleni, inaweza kuhama. Ifunge ubavuni, pasua mstari kutoka begani, nayo itafunguka begani. Ifungulie shingoni, na badala ya kuishona uitie marinda madogo, na una blauzi nyingine kabisa. Igawe, nusu ipande begani na nusu ishuke kiunoni, kisha uunganishe nusu hizo kwa mshono mmoja mrefu, na una blauzi iliyokatwa kwa vipande, inayokaa mwilini kama ngozi. Kutoka kipande kimoja cha mbele kilichokukaa sawasawa unaweza kutoa blauzi za miaka mingi bila kununua paterni ya pili. Natalie Bray alilifundisha hilo London katika kitabu chake cha 1961, na Winifred Aldrich akalifuata mwaka 1976 kwa vipimo vya sentimita. Vitabu vyote viwili vinaanza na kipande cha msingi kisicho na mtindo wowote, kile ambacho vyuoni kwetu huitwa bloku.

Ujerumani ilitoa msaada wa namna yake. Aenne Burda alianzisha Burda Moden mjini Offenburg mwaka 1950, nchi ikiwa inajiokota baada ya vita, na muda mfupi baadaye jarida likawa linakuja na karatasi kubwa yenye mistari ya nguo nyingi iliyopishana. Wengi waliiogopa walipoifungua. Lakini kwa sababu ilikuwa lazima uinakili kwanza kwenye karatasi yako, hukuwa na hofu ya kuiharibu ya asili. Mistari ya saizi mbalimbali inapokaa pamoja, unaweza kuanza begani kwenye saizi 38, ukateremka taratibu hadi 42 nyongani. Kwa wanawake wengi wa kwetu, mteremko huo mmoja ndio tofauti kati ya blauzi inayokaa na blauzi inayopanda kila ukiinua mkono.

Mafundi wetu wengi hawatumii karatasi kabisa. Mteja anakuja na kitenge na picha ya mshono kwenye simu, fundi anazungusha futi kamba, anaandika namba daftarini, anachora kwa chaki juu ya kitambaa na kukata. Naheshimu sana ustadi huo. Ni hesabu inayofanyika kichwani kwa dakika chache. Ila namba za daftarini zinaeleza mzunguko tu, hazielezi umbo, na fundi akihama mtaa, umbo lako linahama naye. Ndiyo maana namshauri kila ajifunzaye kushona ajikatie bloku yake kwenye karatasi ya kaki, aandike tarehe na vipimo, aitoboe tundu na kuitundika ukutani.

Na hapo nina ombi moja kwa vyuo vyetu vya ufundi. Siku hizi wabunifu wadogo wa Ulaya na Marekani huuza paterni za blauzi zenye vipande vya mbele vya vifua vya aina tofauti, unachapa nyumbani kwenye karatasi za A4 na kuziunganisha kwa gundi. Kazi ya kuchora paterni kama hizo inataka futi kamba, daftari, na wanawake walio tayari kupimwa. Wanafunzi wa Tanga, Kisumu na Bukavu wanavyo vyote vitatu. Wapime kifua cha juu na kilichojaa, upana wa mgongo, urefu kutoka bega hadi kileleni, kiuno na nyonga. Wapime wembamba na wanene, wasichana na bibi. Kisha wachore karatasi ya saizi zetu na kuiuza sokoni kwa bei ya kidonge cha uzi.