Wembe wa Upande Mmoja na Wembe wa Kuwili

Wahenga walisema, mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Methali hii hutumiwa kuwa onyo, lakini ndani yake mna elimu ya kinyozi: unywele uliolowa hulainika, na wembe hupita bila kumwumiza mwenyewe. Maji na sabuni ni mambo ya kale. Kilichobadilika ni wembe, na mabadiliko hayo yastahili kuelezwa, kwa kuwa ndiyo yaliyoamua ni nani ashike wembe, na ni nani aumie nao baada ya kutupwa.

Hapo zamani mtu aliyetaka kunyoa kidevu alikuwa na njia mbili: kwenda kwa kinyozi, au kushika mwenyewe wembe mrefu ulio wazi na kuomba mkono usitetemeke. Mwaka 1769 Jean-Jacques Perret, mfua visu wa Ufaransa, alichapisha kitabu cha kuwafundisha watu kujinyoa, akaeleza humo wembe uliokingwa kwa ubao. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, mjini New York, walipata haki ya uvumbuzi wa wembe mfupi, wenye makali upande mmoja, uliotiwa katika kishikio chenye kinga mbele ya makali. Hatari ilipungua, lakini kazi haikupungua. Wembe ule ulikuwa mnene mgongoni, na mwenyewe alilazimika kuutoa mara kwa mara, kuupitisha juu ya ukanda wa ngozi, na ulipozidi kuwa butu, kuurudisha kwenye kinoo.

Kazi hiyo ndiyo aliyoikusudia King Camp Gillette, mchuuzi wa Marekani. Yeye alikuwa akiuza vizibo vya chupa, na yasimuliwa kuwa William Painter, aliyevibuni, alimshauri atafute kitu ambacho mtu hukitumia, hukitupa, kisha hurudi kununua kingine. Mwaka 1895 wazo likamjia: kipande chembamba cha pua, kikatacho kuwili, kisichonolewa kamwe na mwenyewe. Mafundi walimwambia kuwa pua nyembamba kiasi hicho haiwezi kukazwa kwa moto bila kupinda. Ilimbidi angoje hata William Nickerson, mhandisi aliyesoma katika chuo cha ufundi cha Massachusetts, alipoipata njia. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa biashara, viliuzwa vishikio 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata vishikio vilipita 90,000. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza vishikio 3,500,000 na nyembe 36,000,000 kwa askari wake, na wengi wao walirudi makwao wakiwa wamekwisha kuzoea kujinyoa.

Je, wembe upi ni bora? Wembe wa upande mmoja, kama ule wa Gem, una unene wa milimita 0.23 hivi, na mgongo uliokazwa, kwa hiyo hautikisiki unapokutana na ndevu ngumu. Wembe wa kuwili una milimita 0.10 tu. Peke yake ni laini kama jani. Hupata ugumu wake unapobanwa na kukunjwa ndani ya kishikio. Faida yake ni kuwa povu likijaa upande mmoja, mtu hugeuza upande wa pili akaendelea. Basi kwa uimara wa kwanza unashinda, na kwa wepesi na bei wa pili unashinda. Hata kasoro yake ya kushika kutu ilipungua mwaka 1962, Wilkinson Sword ya Uingereza ilipotoa wembe wa pua isiyoshika kutu.

Kwetu wembe wa kuwili umepata desturi yake. Nimeketi mara nyingi mbele ya kinyozi nikamwona akiuvunja katikati kwa urefu, ungali katika karatasi yake, na kuitia nusu moja katika mpini. Hivyo wembe wa kuwili hurudi kuwa wa upande mmoja. Tendo hilo dogo si la ubahili peke yake. Tangu UKIMWI ulipoenea katika miaka ya 1980, tumefundishwa kutochangia wembe, na mteja hutaka kuona karatasi ikifunguliwa mbele ya macho yake. Urahisi uliobuniwa kwa faida ya mchuuzi umekuwa kinga ya uhai.

Lakini kinga ya mmoja yaweza kuwa jeraha la mwingine. Mwenye wembe wa kunoa aliufuta, akaurudisha katika ala yake. Sisi huutupa wetu jaani, nao hungoja mkono wa mzoa taka, ambaye hana habari ya aliyenyolewa. Huo si uzito wa kutushinda. Kopo lenye kifuniko, lililotobolewa tundu jembamba juu yake, latosha kuhifadhi nyembe za mwaka mzima. Aliyejifunza kulinda kidevu chake na ajifunze pia kulinda mkono wa mwenziwe.