Deki, Televisheni na Kanda Zilizokataa Kuonekana

Tukizungumzia historia ya Juba, tunataja mikataba na tarehe: 9 Januari 2005, amani, 9 Julai 2011, uhuru. Ni sawa. Lakini kuna historia nyingine imelala ndani ya masanduku, chini ya vitanda vya mama zetu. Ni kanda za video: harusi, mazishi, ibada za kambini, salamu za ndugu walioenda mbali.

Kampuni ya JVC ya Japani ilitoa VHS mwaka 1976. Mwaka 1983 vita vikaanza tena kusini mwa Sudan, na Juba ikawa ngome ya jeshi la serikali, imezungukwa pande zote. Kwa hiyo wazazi wetu wengi waliijulia deki ugenini: Khartoum, Kampala, Nairobi, au Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992.

Kuiunganisha si kazi kubwa. Waya wa antena unauchomoa kwenye televisheni, unauingiza kwenye deki, halafu waya mwingine unatoka kwenye deki mpaka kwenye televisheni. Deki inakuwa kama kituo kidogo cha matangazo. Unaitafuta, mara nyingi karibu na chaneli 36, mpaka chengachenga ziishe. Televisheni za baadaye zilikuwa na matundu ya rangi: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti.

Sasa sikilizeni. Kuanzia mwisho wa mwaka 2000, Marekani ilipokea vijana zaidi ya 3,000 kutoka Kakuma, wale walioitwa Lost Boys. Kanda ikitoka huko, unaweka kwenye deki, waya zote ziko sawa, lakini picha inaruka na rangi hakuna. Fundi analaumiwa bure. Kumbe Marekani ilitumia mfumo wa NTSC, mistari 525 kwa kila picha, na huku kwetu tulitumia PAL, mistari 625. Deki ya kawaida ya huku haisomi kanda ya kule, na ya kule haisomi yetu. Ilitakiwa deki ya mifumo yote, au studio ya kuigeuza. Yaani familia ilitenganishwa na vita, halafu ikatenganishwa tena na mistari.

Julai 2016 mapigano yalizuka tena Juba, na watu wengi sana wakavuka kwenda Uganda. Mwezi huohuo kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki, ilitangaza kwamba inaacha.

Kwa hiyo muda wetu ni mfupi. Joto, vumbi na ukungu vinakula kanda, na deki nzima zinazidi kuadimika. Vijana wenzetu, ulizeni nyumbani kanda ziko wapi. Yenye ukungu msiicheze, itachafua deki. Iliyo safi ichezeni, mkitumia zile waya tatu za rangi na kifaa kidogo cha kuingiza video kwenye kompyuta. Na mzee akae pembeni, ataje majina: huyu ni nani, hapa ni wapi. Bila majina, picha ni watu tu.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mnatuuliza hati kila siku. Kanda nayo ni hati. Kwa wengine wetu, ndiyo pekee iliyovuka mpaka.