Comic-Con ya San Diego: sikukuu ya BD, na sahani ya kesho yake

Shangazi yangu alipata picha kwenye simu. Ni mjukuu wake, familia yao ilipokelewa kule San Diego, Marekani, kama wakimbizi. Kijana amevaa kofia ya bati, uso umepakwa rangi ya kijani. Mama akanipigia usiku: «Baba, huyu mtoto ameingia dini gani?»

Hakuna dini pale. Ni Comic-Con, sikukuu kubwa ya vitabu vya BD. Na kwa vile familia nyingi za huku mashariki ziko na watoto wao Marekani, tumeona vema kueleza ni kitu gani, na pia kueleza kile ambacho picha haikuonyesha: baada ya ile sikukuu kijana alilala siku tano, koo limefunga, hana nguvu ya kusimama.

Comic-Con ilianza mwaka wa 1970, katika hoteli moja ya San Diego, na watu mia tatu hivi wenye kupenda vitabu vya michoro. Leo inapokea watu zaidi ya 130 000, kila mwezi wa saba, muda wa siku nne, mbele yake kuko usiku mmoja wa ufunguzi. Tangu 1991 inafanyika katika jengo kubwa la mikutano pembeni ya bahari. Wenye kuisimamia ni shirika lisilotafuta faida. Kupata tiketi ni bahati: unajiandikisha kwenye intaneti mapema, halafu unangojea mashine ikuchague ao ikuache.

Ndani kuko nini? Kuko wachapishaji wenye kuuza vitabu, na upande mwingine meza za wachoraji wenyewe, mtu anakuchorea mbele ya macho yako. Kuko zawadi za Eisner, zinazotolewa kwa BD bora za mwaka. Na kuko watu wengi waliojishonea nguo za mashujaa wao; ile kofia ya bati kijana aliitengeneza mwenyewe kwa katoni na rangi, mwezi mzima. Ukumbi unaosemwa sana unaitwa Hall H, uko na viti karibu 6 500, ndipo watengeneza filamu wanaonyesha kazi zao mpya. Kuingia pale watu wanalala inje kwenye mustari. Ndiyo, usiku kucha, chini, na blanketi.

Musione kwamba ni mambo ya wazungu tu. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alifungua njia ya BD ya Congo mpaka Ulaya. Na Pat Masioni, Mkongomani mwenzetu, alichora sehemu ya Unknown Soldier, kitabu cha Marekani ambamo hadithi inapita Uganda ya kaskazini wakati wa vita. Kitabu cha namna ile ndicho kinauzwa kwenye meza za Comic-Con.

Sasa tuje kwa ugonjwa. Wazoefu wa sikukuu hii wanaujua: unarudi nyumbani na mafua, kikohozi, wakati mwingine homa. Sababu si uchawi. Watu elfu nyingi wanapumua hewa ya jengo moja, wanasalimiana, wanashika vitabu vilevile, usingizi ni saa tatu ao ine. Mwaka wa 2022, sikukuu iliporudi kisha miaka miwili ya COVID, kila aliyeingia alivaa barakoa. Kisha kuko chakula. Mtu anasimama kutwa kwenye mustari, anakula kile kilicho karibu: mkate na soseji, pizza, viazi vya kukaanga, na sukre baridi juu yake. Maji anasahau, juu kwenda choo ni kupoteza nafasi.

Hapa ndipo penye wasiwasi wa kweli. Chupa moja ya kola ya Marekani, ile ya karibu mililita 590, iko na sukari gramu 65 hivi. OMS inasema mtu mzima wa kawaida asipite gramu 50 kwa siku, na gramu 25 ni vizuri zaidi. Kijana wetu alikunywa mbili, tatu kwa siku. Baba yake aliondoka na ugonjwa wa sukari, na mwaka huu daktari amemwambia yeye pia sukari imeanza kupanda. Ana miaka 24.

Kisha sikukuu, wengine wanafunga kula siku mbili ao wanakunywa dawa ya «kusafisha tumbo». Ni pesa bure. Ini na figo zinafanya ile kazi zenyewe. Kinachotakiwa ni usingizi, maji, na kurudia chakula cha nyumbani siku ileile. Supu ya samaki na nyanya ni nzuri kwa koo lenye kuuma. Maharagi, lenga-lenga, parachichi, ndizi. OMS inaomba matunda na mboga gramu 400 kwa siku, na chumvi isifike gramu 5, ni kusema kijiko kimoja kidogo. Bugali ikae robo ya sahani, mboga ichukue nusu. Najua wasomaji watanung'unika juu ya hiyo robo; hata mimi inanishinda.

San Diego hizo mboga ziko. Katika mtaa wa City Heights kuko shamba la New Roots, lililofunguliwa 2009, ambapo wakimbizi wa Afrika na Asia wanalima majani ya kwao. Michelle Obama alilitembelea mwaka wa 2010. Sombe ya barafu inapatikana kwa maduka ya Waafrika, lakini mtu asiitie tu kwenye moto dakika kumi: majani ya muhogo yanataka kuchemka sana ili sumu yake itoke. Na mawese kidogo, si kikombe.

Shangazi alimfundisha kwa simu, kijana ameegemeza simu kwenye sufuria. Mwezi wa saba anataka kurudi Comic-Con. Mama amekubali, ila chupa ya maji na mayai ya kuchemsha viingie kwanza katika mfuko, mbele ya kofia.